Shavu la Kulia la Anko Mukhwana

Watu wengi wakinusa mchaichai hukumbuka chai. Hukumbuka jikoni kwa nyanya zao, birika likitoa mvuke na mkate ukisubiri. Mimi nikinusa mchaichai hukumbuka shavu la mwanamume mmoja. Shavu la kulia, limelowa maji moto, linasubiri kupakwa povu. Na mimi nimesimama hatua tatu kutoka hapo, msichana wa miaka kumi, namwomba Mungu kwa moyo wangu wote kwamba liungue.

Usinihukumu upesi. Kaa nikueleze polepole, maana kisa hiki hakieleweki vizuri mpaka mtu aelewe kwanza mambo ya povu, na mambo ya povu si magumu hata kidogo.

Baba yangu, Lusweti, alikuwa na kinyozi chake, duka la kunyolea, huko Riruta, Nairobi, katika chumba cha mabati kilichotazama Naivasha Road. Alikata nywele kama wenzake wote, lakini kilicholeta wanaume kwake hata kutoka Waithaka ni ndevu. Alinyoa ndevu kwa njia ya zamani: taulo la maji moto, brashi, povu, wembe wa kukunja. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha mbao kilichochorwa mwanamume mwenye povu nusu ya uso. Mchoraji alikosea jicho moja likawa kubwa kuliko lingine, hivyo mtu yule alionekana siku zote kama aliyeambiwa habari ambayo hakuitarajia. Baba alikipenda kibao hicho kuliko redio yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua alikipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akianzia kwenye paji la uso, kama vile yule mtu ndiye mteja wake wa kwanza.

Krimu yake aliitengeneza mwenyewe. Alinunua sabuni ngumu ya kunyolea katika duka la dawa la Mhindi mmoja mjini, akaikwangua kwa kisu mpaka ikawa kama unga, akaichanganya na glisirini, halafu akailowesha kwa maji aliyochemshia mchaichai. Mchaichai wenyewe nilikuwa naumwagilia mimi. Ulikua ndani ya debe nyuma ya nyumba. Mchanganyiko huo ulilala siku mbili katika kikombe cha bati, na ulipoamka ulikuwa laini kama uji wa mtoto.

Nitakufundisha kama alivyonifundisha, ili siku ukitaka kujua krimu nzuri ni ipi usidanganywe na rangi ya mkebe. Usitazame wingi wa povu. Povu jingi ni hewa. Hata sabuni ya kufulia hutoa povu jingi. Lipake, kisha hesabu taratibu mpaka sitini. Likianza kukauka pembeni na kutoboka vitobo vidogo, hilo litakuacha njiani wembe ukiwa shingoni. Halafu gusa ngozi pale wembe ulipokwisha kupita: je, bado inateleza? Maana wembe hurudi mara ya pili, na hiyo mara ya pili ndiyo mama wa vipele. Baridi usiiamini. Krimu nyingine zina baridi kama ya peremende, mtu akadhani amenyolewa vizuri, kumbe ngozi imekufa ganzi tu na haiwezi kulalamika. Wala usitoe hukumu siku hiyohiyo. Ngozi husema ukweli kesho yake asubuhi, mtu anapopitisha kiganja kidevuni kabla hajakumbuka jina lake.

Baba alifanya jambo moja zaidi, na hili nakuomba ulishike, kwa sababu ndilo lililotuangusha. Kwenye mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko upande wa ndani, alikuwa na duara lisilo na nywele, la ukubwa wa sarafu. Kila alipopiga povu jipya, hata kama mteja ni wa ishirini siku hiyo, alilipaka kwanza hapo na kupitisha wembe mara moja. Ndipo akamwendea mteja. "Mkono wa kinyozi unakula kwanza," alisema, kama mpishi anayeonja mchuzi.

Sasa Mukhwana.

Mukhwana alitoka kijiji kimoja na Baba, huko Bungoma. Alifika Nairobi na mkoba mmoja na barua kutoka kwa babu yangu, na akalala kwenye kochi letu. Kochi hilo lilikuwa kitanda changu. Nilihamia sakafuni kwa zaidi ya mwaka na sikunung'unika, kwa kuwa aliniletea mandazi, na kwa kuwa tuliambiwa tumwite Anko. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba alimpa brashi. Alimfundisha kupiga povu, kunoa wembe, kuvuta ngozi kwa vidole viwili ili unywele usimame. Jioni nyingi niliwaona wawili hao wakinyoa puto lililopakwa sabuni, Mukhwana akijitahidi lisipasuke, na lilipopasuka sote tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha Jumatatu moja akafungua kinyozi chake, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wetu. Kilipakwa rangi ya buluu. Kilikuwa na kioo kilichofunika ukuta mzima, na rafuni krimu kutoka ng'ambo, katika kikopo cheupe chenye kifuniko cha buluu. Baba alimsaidia kubeba kile kioo kuvuka barabara. "Mtoto akikua si anajenga?" alimwambia Mama.

Kama angejenga akanyamaza, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia leo. Lakini Mukhwana alikuwa na mdomo. Alisimama mlangoni pake akiwakatiza wateja wetu njiani.

"Mzee, unaenda kunyolewa ama kunywa chai?"

"Kunyolewa."

"Basi uliza hiyo sabuni inatoka wapi. Mimi nimeishi kwake, nimeona na haya macho. Ni ile ya kufua. Anaweka majani ya chai isinuke."

Wakati huohuo mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu akaota vipele shingoni. Alikuwa amejinyoa mwenyewe nyumbani kwa wembe mkuukuu, mkewe alimwambia Mama hivyo, lakini Mukhwana alimshika kidevu mbele za watu na kumgeuza huku na huku kama muuza mbuzi. "Hii ni kazi ya Lusweti. Mnaona?" Waliona. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka barabara. Kilichoniuma zaidi ni namna walivyovuka: waliinamisha macho, wakampungia Baba mkono nyuma ya mgongo, kana kwamba mkono haukuwa wao. Baba akabaki ameketi kwenye kiti cha wateja akijitazama kiooni. Mama alisonga ugali jioni kama anayempiga mtu. "Asante ya punda ni mateke," alisema, na mwiko ukagonga sufuria. "Mateke!"

Mimi nilimweka Mukhwana kwenye maombi yangu kila siku, ingawa si kwa namna ambayo mwalimu wetu wa kanisani angependa. Nilimwombea nyaya za umeme zikatike. Nilimwombea panya. Nilimwaga maji ya vyombo mbele ya mlango wake nikijifanya nimejikwaa. Na kama kisasi changu kilikuwa bado ni mchezo wa mtoto, mwenyewe alikikomaza. Siku moja nilikuwa napita na tita la mchaichai kifuani, wenzangu wa shule wakiwa mbele yangu, naye akaita kwa sauti ya kanisani:

"Nekesa! Kimbia, mama! Kastoma wote wawili wanangoja chai!"

Kufikia Jumatatu shule nzima iliniita Chai ya Ndevu. Mwalimu wa zamu aliniita hivyo mara moja kwa bahati mbaya. Nilikula kiapo chooni, peke yangu, mkono wa kulia juu ya kifua: Mukhwana nitamkomesha.

Nafasi ililetwa na Bwana Harjit. Huyu alikuwa na duka la mbao na misumari, jengo la pili kutoka kwetu. Singasinga mwenye kilemba cha samawati na ndevu ndefu zilizosukwa vizuri chini ya kidevu. Alizaliwa Nairobi kabla Baba hajajua Nairobi iko wapi, na Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko chetu. Akikupimia ubao futi sita, hakuna fundi aliyejisumbua kuupima tena. Wazee walikuwa wanagombana kila siku mbele ya duka lake kuhusu krimu ya nani inaharibu shingo za watu, na mafundi wa mbao wakashindwa kupita. Akawaita vinyozi wote wawili.

"Tutazijaribu Jumamosi hapa barazani kwangu," alisema. "Uso mmoja. Shavu la kushoto krimu hii, la kulia krimu hii. Mimi nitaamua."

"Wewe Bwana Harjit?" Mukhwana alicheka. "Hizo ndevu zako hazijawahi kuona wembe! Utajuaje?"

"Ndiyo maana nafaa. Hawa wazee kila mmoja ana kinyozi wake. Mimi sina upande. Sina hata wembe."

Watu walicheka, na Mukhwana hakupenda kuchekwa. "Basi sawa," alisema. "Na mwenye kushindwa atoe kibao chake barabarani, afunge kinyozi. Si ndiyo, Lusweti? Ama unaogopa?"

Nilimwona Baba akigeuka kukitazama kibao chake, na yule mtu wa jicho kubwa akamtazama. "Sawa," alisema.

Bwana Harjit akaongeza sharti: kila mtu alete krimu yake Ijumaa mchana, naye azifungie usiku huo ndani ya kabati lake, ili asubuhi mtu asije akaongeza kitu. Alitaka haki. Hakujua kwamba anayetaka kuongeza kitu ndiye atakayetumwa na kikombe.

Nilifika dukani kwake saa kumi, kikombe cha Baba mkono mmoja, na pilipili mbuzi tatu mfukoni mwa sketi ya shule. Kikopo cheupe cha Mukhwana kilikuwa kimeshafika. "Weka hapo ndani, binti," alisema Bwana Harjit, akanionyesha kabati kwa kidole, akaenda nyuma kumkatia fundi mmoja ubao. Msumeno ulipoanza kulia nilifungua kifuniko cha buluu. Nilizipasua pilipili kwa kucha, nikazikamua, nikakoroga kwa kidole mpaka chini. Mbegu sikuweka, nilikuwa mtoto wa kinyozi, nilijua krimu haitakiwi kuwa na chenga. Nilisawazisha juu kwa kidole gumba, nikafunga. Msumeno ulipokoma nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama magari, mpole kama kondoo.

Kosa nililolijua upesi lilikuwa kujikuna jicho njiani. Nililia mpaka nyumbani. Mama aliuliza, nikasema vumbi la mbao limeniingia.

Jumamosi saa nne asubuhi kiti cha Baba kilikuwa kwenye baraza la Bwana Harjit, kati ya magogo na maranda yanayonukia. Kwaya nzima ilikuja, wauza mboga walikuja, watoto wa shule walikuja wakiimba Chai ya Ndevu chinichini. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye kiti, jicho langu la kushoto jekundu kama nyanya, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena maishani. Mpango wangu ulikuwa hivi: kila kinyozi atanyoa upande wake. Mukhwana atampaka mteja krimu yake kwa mkono wake mwenyewe, mteja ataruka akipiga mayowe, na kinyozi cha buluu kitafungwa kabla ya chakula cha mchana. Kila mtu aliyekuwa pale alidhani ndivyo itakavyokuwa. Hata Baba.

Bwana Harjit alitikisa kichwa. "Mkinyoa nyote wawili nitajua mkono wa nani ni mzuri. Sitajua krimu gani ni nzuri. Mimi nikitaka kulinganisha misumari miwili, situmii nyundo mbili. Mkono uwe mmoja."

Wazee walinong'ona, wakakubali kwamba ni kweli. Mukhwana akapiga hatua mbele akikunja mikono ya shati.

"Mkono uwe wa Lusweti! Si yeye ndiye mwalimu wangu?" Alijitupa kitini, akainua kidevu. "Na uso uwe wangu. Nataka nisikie mwenyewe hiyo chai yake inavyochoma."

Nisikufiche. Moyo wangu ulianguka, halafu ukaruka juu kuliko mwanzo. Shavu lake mwenyewe! Mungu alikuwa amesikia maombi yangu na kuyaongezea chumvi. Kwamba brashi na wembe vitakuwa mikononi mwa Baba, hilo halikunipitia akilini kabisa. Niliona shavu tu.

Baba alianza kushoto. Taulo la moto, kisha povu la kikombe chake, mkononi mwake kwanza, halafu usoni. Mchaichai ukapanda juu ya harufu ya mbao. Mukhwana alikuwa na utani mdomoni, lakini taulo lilipomgusa aliunyamazia, na wembe ulipoanza kushuka alifumba macho. Nadhani hakuweza kujizuia. Mikono ile ndiyo iliyomlea. Baba alipomaliza, Bwana Harjit alipitisha kidole kwenye shavu lile kama anayepima ubao uliotoka kwenye randa.

"Laini," alisema.

Baba akageukia kulia. Alifungua kikopo cheupe, akachukua brashi ya pili, akapiga. Povu lilipanda zuri, jeupe, lenye harufu ya peremende, na watu wa Mukhwana wakapiga makofi. Kisha Baba akakunja mkono wake wa kushoto, akapaka duara lake, akapitisha wembe.

Akasimama.

Aliutazama mkono. Nilikuwa karibu, niliona duara lile likigeuka jekundu kama sarafu iliyotoka motoni. Alinusa brashi. Alikitazama kikopo. Alimtazama Bwana Harjit, ambaye ufunguo wa kabati ulikuwa bado unaning'inia kidoleni mwake. Halafu akanitazama mimi. Hakutazama uso wangu wote. Alitazama jicho.

"Mzee, paka basi!" mtu alipiga kelele.

"Anaogopa huyo!"

"Lusweti, kastoma amelala!"

Kweli Mukhwana alikuwa kama amelala. Kichwa kimelala nyuma, koo lote liko wazi, midomo imeachana kidogo kama ya mtoto mchanga. Shavu la kulia lilimeremeta maji. Na mimi nilisema moyoni, kwa nguvu ambayo nilidhani itausukuma mkono wa Baba: Paka. Alikutukana. Paka, Baba. Paka.

Baba alimwaga povu chini, kwenye maranda.

"Limenishinda," alisema.

Bwana Harjit alikunja uso. "Piga lingine. Haraka ya nini?"

"Hapana. Krimu ya Mukhwana nimeshindwa kuipiga. Aliyeshindwa ni mimi."

"Kweli, Bwana Lusweti?"

"Kweli."

Bwana Harjit alinyoosha mkono apewe kile kikopo. Baba alikuwa ameshakifunika kwa taulo. "Nimekichafua kwa brashi yangu," alisema. "Nitamletea kipya." Kisha, kwa kuwa mteja haachwi nusu, alichukua kikombe chake cha bati na kumalizia shavu la kulia kwa sabuni yake mwenyewe. Katika makelele yale hakuna aliyetazama. Mukhwana alifumbua macho, akasikia ameshinda, akabebwa juu juu mpaka ng'ambo ya barabara akipunga mikono, uso mzima ukinukia mchaichai.

Baba aliazima ngazi ya Bwana Harjit, akang'oa kibao mwenyewe. Mimi nilishika upande wa pili tukakipeleka nyumbani.

Nyumbani aliweka kikopo cheupe juu ya meza. "Leta mkono, mama," alisema. Aliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Aliipaka krimu pale nilipokuwa na mkwaruzo wa kucha wa wiki ile, sehemu ndogo tu. Mwanzo haikuwa kitu. Kisha ikaanza, ikaongezeka, nikauma mdomo ili nisimpe raha ya kuniona nikilia.

"Hapo wembe haujapita," alisema. "Ongeza wembe. Ongeza shavu. Sasa ongeza mtu aliyefumba macho."

"Lakini alikutukana!" nilipiga kelele. "Mbele ya watu wote! Alikutukana!"

"Alinitukana," Baba alisema, akaniosha mkono kwa maziwa baridi. "Lakini alikuwa amefumba macho."

Hakunipiga, wala hakumwambia Mama. Jumatatu alimnunulia Mukhwana kikopo kipya, na wiki iliyofuata akaenda kutafuta kiti mjini, katika kinyozi cha mtu mwingine, ambako alinyoa mawakili na makarani kwa miaka mingi. Mimi nilihamisha kisasi changu kwake. Niliacha kuumwagilia mchaichai. Ulipoanza kuwa na rangi ya majani makavu nilimwona Baba, asubuhi kabla ya kwenda kazini, akiumwagilia mwenyewe kwa kikombe, na hata hilo nililiita woga. Nilikuwa nimempa adui yake mkononi, koo likiwa wazi, naye akamnyoa vizuri!

Niliamini hivyo mpaka nilipofika miaka ishirini na moja na kunyoa mteja wangu wa kwanza. Alikuwa mwanamume mnene, mgeni kabisa kwangu. Aliketi, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho, akaniachia koo lake kama mtu anayemwachia jirani funguo za nyumba. Ndipo nilipoelewa kwamba kinyozi hana mali nyingine. Kiti, kioo, kibao, hata krimu, vyote vinaweza kwenda. Akibaki mtu mmoja wa kufumba macho mbele yako, bado una kazi. Ukimchoma mmoja aliyefumba macho, awe rafiki awe adui, huna.

Bwana Harjit nilichelewa zaidi kumwelewa. Krimu ililala kabatini kwake. Neno moja tu la Baba, "imetiwa kitu", na kesho yake hakuna fundi ambaye angeamini futi zake. Na kama si yeye, basi ni yule msichana aliyeleta kikombe, mwenye jicho jekundu. Siku ile palikuwa na shingo tatu kwenye kiti kimoja, na Baba alikuwa na hesabu ya sitini tu ya kuamua. Aliamua kabla povu halijakauka.

Hayo yote nayaelewa. Sasa acha nikwambie yaliyobaki, kwa kuwa sikuahidi kukuonyesha malaika.

Siku hizi nina kinyozi changu katikati ya mji, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Baba amerudi nyumbani Bungoma na humnyoa yeyote anayetaka chini ya kivuli cha nyumba yake. Kibao cha Riruta alinipa. Nimekitundika mbele ya kiti cha wateja, kando ya kioo, mahali ambapo aliyeketi hawezi kukikwepa. Yule mtu wa jicho kubwa bado ana povu nusu ya uso, bado ameshangaa.

Mukhwana alifunga kinyozi chake zamani. Mikono ilianza kumtetemeka. Anaishi Waithaka kwa mwanawe, na mara moja kwa mwezi, Jumamosi, anakuja kwangu. Nausikia mkongojo wake kwenye ngazi, na sitakudanganya: nazihesabu ngazi hizo kwa raha, moja moja. Namwamkia shikamoo, namvua koti, namketisha. Anakiona kibao. Namfunga taulo la moto, napiga krimu zote mbili mbele yake, ile ya kikopo na ile ya kikombe cha bati, na zote mbili mkono wangu unakula kwanza. Nami nina duara langu. Kisha namuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wateja wanaongoja:

"Anko, leo tutumie gani? Hii ya kikopo, ama hii ya Lusweti?"

Najua atakachojibu. Amejibu hivyohivyo kwa miaka minne. Baba angeniambia niache kumuuliza mzee wa watu, nimpake tu, na ndiyo sababu sijamwambia. Baba alisamehe bila kudai kitu. Mimi nadai maneno matatu kwa mwezi, kisha namnyoa vizuri kuliko mteja mwingine yeyote, mara ya kwanza na mara ya pili, mpaka hata kesho yake asubuhi kiganja chake hakitapata pa kulalamikia.

Mukhwana hukitazama kibao, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ya Lusweti," husema.

Halafu anafumba macho.